Gofu ya bara kwa kundi la wapwani: Windsor, Karen, Limuru na Muthaiga

Pale stesheni ya Miritini, kabla hujapanda treni ya Nairobi, mizigo hupangwa chini kwa mstari na mbwa wa polisi hupitishwa kunusa. Siku ile mstari ulikuwa karibu wetu wote: mifuko kumi na miwili ya gofu imelazwa sakafuni kama papa walioshushwa mashuani sasa hivi. Mbwa akapita mfuko wa kwanza, wa pili, wa tatu, kufika wa shemeji yangu akakaa kitako. Askari akafungua zipu ya pembeni, zikatoka sambusa nane zilizofungwa gazetini. "Mzee," akamwambia, "hizi nazo hupigwa kwa fimbo namba ngapi?" Tulicheka mpaka watu wa foleni ya nyuma wakatuuliza kuna nini.

Safari hii niliipanga mimi. Karibu miaka thelathini nilifanya kazi ya kutoa mizigo bandarini Kilindini, kwa hivyo kusukuma watu, makaratasi na saa kwa wakati mmoja si jambo geni kwangu. Gofu niliianza nikiwa na miaka hamsini na mbili, magoti yakiwa tayari yana malalamiko yao, na handikapu yangu, yaani mapigo ya ziada anayopewa mchezaji dhaifu, ni 24; namba ikiwa kubwa, uwezo ni mdogo. Hilo nalitaja mapema ili msomaji ajue ni nani anayehukumu viwanja hivi. Ukitaka maoni ya mtu wa handikapu 4, kundi letu lilikuwa naye mmoja, daktari wa meno, na maoni yake ni kinyume cha yangu karibu kila mahali. Nitayataja pale yanaponichekesha.

Sisi ni watu wa Mombasa, na gofu ya Mombasa adui yake ni upepo. Ukicheza mashimo tisa ya Mombasa Golf Club, klabu ya tangu 1911 iliyokaa juu ya mwamba ikitazama bahari, Kusi ikivuma unaweza kupiga mpira kuelekea mashariki ukaukuta magharibi. Nyali kuna miti, lakini ni miti ya adabu. Diani na Vipingo ni pazuri, sisemi vingine. Lakini watu walikuwa wamechoka kuona bahari. Walitaka viwanja vya bustani: nyasi nene za kijani, miti mikubwa ya miaka mingi kila upande, vidimbwi, ndege, baridi kidogo. Viwanja hivyo viko bara, na vingi vimejikusanya Nairobi na viunga vyake. Hapo ndipo shida ya kuchagua ilipoanza, kwa sababu viko vingi mno na kila mtu ana binamu mwenye lake la kupendekeza.

Kosa la kwanza ambalo makundi hufanya, na sisi tulilifanya mwaka uliotangulia tukiwa wanane, ni kumwachia mchezaji bora achague. Mchezaji bora atachagua uwanja uliowahi kuchezewa mashindano makubwa, atapiga picha kwenye tii (mahali pa kuanzia kupiga) ya nyuma kabisa, na jioni atafurahi peke yake. Wengine wote watakuwa wameshinda msituni wakitafuta mipira. Safari hii nikasema uwanja utachaguliwa kwa kumtazama aliye dhaifu kuliko wote, naye ni mke wa mzee mmoja wa Kibokoni, dada mwenye handikapu 36 na moyo wa simba.

Kwa bahati nzuri kuna namba ya kusaidia, na watu wengi wanaipita tu kwenye kadi bila kuisoma. Tangu mfumo wa handikapu wa dunia nzima uanze mwaka 2020, kila uwanja uliopimwa una viwango viwili kwa kila tii. Kimoja kinaeleza ugumu wake kwa mchezaji hodari kabisa. Cha pili, kinachoitwa slopu, kinaeleza ni kiasi gani uwanja unamuumiza zaidi mchezaji wa kawaida kuliko yule hodari. Slopu huanzia 55 na kuishia 155, na uwanja wa wastani ni 113. Huyo mchezaji wa kawaida anayetumika kupimia ni mwanamume wa handikapu 20 hivi, au mwanamke wa 24 hivi. Yaani ni mimi! Basi nikapiga simu klabu baada ya klabu, na swali langu la kwanza halikuwa bei, lilikuwa: slopu ya tii nyekundu, ile ya mbele, ni ngapi? Kwingine walinijibu papo hapo, kwingine niliambiwa nisubiri, kisha nikasikia mtu akiuliza kwa sauti ya chini, "Huyu mama anataka nini?"

Tukakubaliana pia kucheza kwa pointi za Stableford, ambapo kila shimo lina pointi zake na ukiharibu shimo moja unalifuta tu na kwenda mbele. Kwa kundi lenye handikapu 4 na 36 pamoja, njia nyingine huzaa ugomvi.

Tulifikia Windsor, ile hoteli yenye uwanja wake wa mashimo 18 upande wa kaskazini mwa jiji, karibu na barabara ya Kiambu. Ilifunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 na imejengwa kwa mtindo wa Kiingereza wa zama za Malkia Victoria, na ukiamka asubuhi ukafungua dirisha unaweza kusahau uko nchi gani mpaka usikie kima wakigombana kwenye miti. Faida ya kulala uwanjani kwa kundi kubwa siwezi kuisifu ikaisha. Hakuna gari la kusubiri. Aliyechelewa kuamka unamgongea mlango. Aliyechoka kwenye shimo la 12, na magoti yangu yalichoka, anarudi chumbani kwa miguu yake. Wake wawili waliofuatana nasi bila kucheza walikuwa na mahali pa kukaa, chai ya kunywa na bustani ya kutazama, na hatukusikia "mnamaliza saa ngapi?" hata mara moja.

Lakini uwanja wenyewe, jamani. Windsor ni mzuri kama harusi na mwembamba kama ulimi wa nyoka. Msitu umeubana kulia na kushoto, na njia ya kupitisha mpira pahali pengine ni kama kichochoro cha Mji wa Kale. Juu ya hayo kuna zile nyasi za Kikuyu. Nyasi hizi asili yake ni nyanda hizihizi za juu za Afrika Mashariki, na jina zimelipata kwa wenyeji wa hapa. Leo zimesambaa mpaka Afrika Kusini, Australia na California. Katikati ya uwanja, zilipokatwa, ni baraka: mpira unakaa juu kama umewekwa kwenye zulia, unaupiga kwa raha. Hatua mbili pembeni, pale zilipoachwa, ni kama kupiga mpira uliozama kwenye uji mzito. Fimbo inaingia, nyasi zinaikamata shingo, mkono unauma, mpira unasogea hatua tatu. Dada wa handikapu 36 aliniambia kwenye shimo la 5, "Bi mkubwa, mimi hizi nyasi nitazikumbuka nikiwa kaburini."

Kanuni tangu 2019 inakupa dakika tatu tu za kutafuta mpira uliopotea. Zamani zilikuwa tano. Fanya hesabu: watu wanne, kila mmoja anapoteza mpira kila baada ya mashimo mawili, na makedi wanne, wale wabeba mifuko, wanakanyaga majani wakitafuta. Mzunguko wetu wa kwanza Windsor ulichukua saa tano na dakika arobaini. Daktari wa meno alisema ni uwanja bora kuliko yote aliyocheza maishani. Alikuwa amepoteza mpira mmoja. Mimi nilipoteza saba, na shemeji aliacha kuhesabu baada ya kima mmoja kumchukulia ndizi juu ya kigari.

Je, naupendekeza? Kwa kulala, ndiyo, bila kusita. Kwa kucheza, cheza mara moja, siku ya mwisho, wakati watu wameshaizoea hewa na mikono imelainika. Sisi tulianza nao, na hilo ndilo kosa langu kubwa la safari nzima.

Kuhusu hiyo hewa. Nairobi iko yapata mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na sisi tunatoka kwenye usawa wenyewe. Hewa nyepesi haiuzuii mpira sana, kwa hivyo unakwenda mbali kuliko ulivyozoea. Fimbo ya 7 ilinifikisha pale ambapo nyumbani hutumia ya 6, ambayo hupiga mbali zaidi, na siku ya kwanza sote tulikuwa tunavuka grini, ile nyasi fupi yenye shimo, na kuangukia nyuma, kwenye hayo majani niliyoyasema. Kedi wangu, kijana mrefu mwenye kofia ya sufi, alinivumilia mashimo matatu kisha akasema, "Mathe, huku si Mombasa. Punguza fimbo moja, utanishukuru." Nikapunguza. Nikamshukuru. Hewa hiyohiyo nyepesi inakukata pumzi kwenye vilima, na hilo la pumzi watu hawalikumbuki mpaka wamefika mlimani.

Karen ndiyo iliyofuata, na hapa kwanza nitoe dukuduku. Karen iko upande wa pili kabisa wa jiji kutoka Windsor. Kampuni tuliyoikodi gari, na jina lake nalihifadhi, ilituhakikishia kwamba dereva wao anaijua Nairobi kama kiganja chake. Tulitoka saa kumi na mbili na robo asubuhi kuwahi tii, yaani zamu yetu ya kuanza, ya saa mbili. Dereva akatushusha barabara ya Kiambu moja kwa moja mpaka katikati ya jiji, kwenye foleni ya watu waendao kazini, na hapo tukakaa. Tunatazama mabasi, mabasi yanatutazama. Tangu 2022 kuna barabara ya mchepuko ya magharibi, kutoka Ruaka hadi Gitaru, na ukiiunganisha na ile ya kaskazini na ya kusini unaweza kuuzunguka mji bila kuuingia. Mimi mgeni niliijua kwa kutazama ramani, nikaitaja mara mbili. Dereva akaniambia, "Mama, tulia." Nikatulia. Tukafika saa mbili na nusu na tii yetu imeshapita.

Karen Country Club walitupokea kwa ubinadamu ambao hatukuustahili. Msimamizi wa tii alituangalia tukishuka garini na nyuso zetu, akacheka, akatupenyeza saa tatu na nusu nyuma ya wazee watatu waliokuwa wanacheza polepole kwa furaha yao.

Na huu, kwa kundi kama letu, ndio uwanja. Klabu ni ya 1937, na ardhi yake zamani ilikuwa sehemu ya shamba la kahawa la yule mwanamke wa Denmark, Karen Blixen, shamba lililomshinda kwa sababu mahali penyewe ni pa juu mno kwa kahawa. Kahawa ilikataa, nyasi zimekubali. Miti ni mikubwa na mizee, lakini imesimama kwa nafasi: ukikosea unaupata mpira wako chini ya mti, unauona, unautoa kwa aibu ndogo, unaendelea. Kuna maji ya kukutisha, lakini kwenye mashimo mengi kuna upande wa kupitia ukiwa mwoga, na mimi ni mwoga. Ardhi si ya milima. Magoti yalifurahi.

Wala usidhani wepesi huo ni wa uwanja wa watoto. Mashindano ya Kenya Open, yaliyoanza 1967, yalipoingizwa kwenye ratiba kuu ya gofu ya Ulaya mwaka 2019, yalichezewa hapa, akashinda Mwitaliano Guido Migliozzi. Mwaka 2021 Karen ilibeba mashindano mawili ya ratiba hiyo kwa wiki mbili mfululizo. Yaani mabingwa wanacheza tii za nyuma wakiona cha moto, na dada wa handikapu 36 anacheza tii nyekundu na kupata pointi 31. Alipoweka kadi mezani alinyamaza kwanza, kisha akaagiza soda ya kila mtu. Kwa maoni yangu uwanja wa kundi ndio huo, unaoweza kuwabeba wote wawili siku moja.

Wasiocheza nao walifaidi: jumba la makumbusho la Blixen liko karibu, na kituo cha twiga cha Lang'ata si mbali. Walirudi wakiwa wamelambwa mikono na twiga na wana hadithi nyingi kuliko sisi.

Nikipanga tena, nitaugawa mji. Kaskazini: Windsor na Muthaiga, ambazo ni majirani, na kutoka hapo Limuru inafikika kupitia Ruaka bila kuuona mji. Magharibi na kusini: Karen na Royal Nairobi. Siku mbili lala huku, siku tatu lala kule. Kuhama hoteli na mifuko kumi na miwili ni udhia, lakini ni udhia wa saa moja. Foleni ya Nairobi inakula asubuhi nzima, na asubuhi ya gofu hairudi, kwa sababu jua letu hili la karibu na ikweta halina subira. Kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja jioni giza linaingia, iwe Januari au Julai. Kundi la watu kumi na wawili ni makundi matatu ya wanne, yanayopishana dakika nane hadi kumi, na kila moja linahitaji saa nne na nusu angalau. Kundi la mwisho likianza baada ya saa nane mchana, litamalizia kwa tochi ya simu.

Limuru sasa. Hapa nitakaa kidogo.

Tulikwenda wiki ya pili ya Agosti kwa sababu niliambiwa ni kiangazi. Ni kweli mvua hakuna: za masika humalizika Mei, za vuli huanza Oktoba. Lakini hakuna aliyeniambia kiangazi cha Limuru kinavyofanana. Klabu iko yapata mita 2,200 juu ya bahari, kwenye mashamba ya chai. Tulifika saa moja na nusu asubuhi tukakuta ukungu umekaa chini kama mgeni aliyekataa kuondoka. Shimo la kwanza halionekani. Bendera haionekani. Kedi aliyesimama hatua thelathini mbele alikuwa kivuli tu. Wapwani kumi na wawili tumejikunyata kwenye kibaraza, tumevaa kila nguo tuliyokuja nayo, shemeji amejifunga kikoi shingoni juu ya jaketi, na mzee wa Kibokoni anauliza kwa nini wazungu walipenda mahali hapa. Mhudumu alituletea chai ya maziwa yenye tangawizi bila kuagizwa. Chai ya kwanza ya nchi hii ilipandwa Limuru mwaka 1903, na nilipoonja ile niliamini wameizoea kazi hiyo.

Saa tatu kasoro ukungu ukaanza kunyanyuka. Haukuondoka wote, ulipanda taratibu kama pazia la jukwaa, kwanza tukaona nyasi zenye umande, kisha shina za misonobari, kisha mashamba ya chai ya kijani kile ambacho sisi hatuna jina lake. Kila mtu alinyamaza. Hata daktari wa meno, ambaye huwa hanyamazi.

Uwanja wenyewe una vilima, na hapo hewa inauma kweli: kupanda kuelekea grini nyingine nilisimama mara mbili nikijifanya naangalia mandhari. Mpira unaruka mbali zaidi kuliko Nairobi, nikapunguza fimbo moja na nusu, kama kuna kitu kama hicho. Umande wa asubuhi hupunguza mbio za mpira kwenye grini, halafu saa tano jua likitoka grini zilezile zinageuka kuwa za haraka na kila ulichojifunza kinakuwa bure. Kedi wangu wa Limuru alikuwa mzee wa makamo aliyeniita "mama" kwa upole na kusema maneno machache. Nilipomuuliza mpira utapindia wapi, alijibu, "Macho yako yanaangalia chai. Angalia maji yangeteremka wapi." Mpira ukaingia. Nimelirudia neno hilo Nyali mara nyingi tangu nirudi, na linafanya kazi kiasi.

Miti ipo, lakini haina roho mbaya kama ya Windsor. Nilipoteza mipira miwili tu. Wasiocheza walikwenda Tigoni kwenye shamba la Kiambethu, ambako hueleza chai inavyotengenezwa na kukupa chakula cha mchana, ila sharti uweke nafasi mapema. Ukipeleka kundi, peleka Limuru, lakini weka tii ya saa nne asubuhi, si ya saa mbili. Ukienda Januari au Februari utaota jua, na hutahitaji kikoi shingoni.

Muthaiga nitaipitia haraka kwa sababu imeshasifiwa na wanaojua zaidi. Jambo moja la kwanza: Muthaiga Golf Club na Muthaiga Country Club ni klabu mbili tofauti, milango miwili tofauti, na nusu ya kundi letu lilisimama kwenye lango lisilo lake dakika ishirini likibishana na askari mpole. Kenya Open imechezewa Muthaiga miaka mingi, ikiwemo 2022 hadi 2025 mfululizo. Bingwa Ballesteros wa Uhispania alishinda hapo 1978, Woosnam wa Wales 1986, na makedi wa makamo watakusimulia kana kwamba wao ndio waliowabebea mifuko. Uwanja umetunzwa kama sebule. Grini zina miteremko ya siri na kasi ya kuogofya. Nilipiga mara nne kwenye grini moja na kila mara mpira ulinipita kama haunijui. Daktari wa meno alipata siku ya maisha yake. Dada wa handikapu 36 alipata pointi 14 na maumivu ya kichwa. Kwa kundi mchanganyiko, nenda mara moja, kwa ajili ya historia. Mwaka ambao mashindano hayo yako hapo, Februari na Machi usijaribu, maana huo ndio msimu wake na uwanja una wenyewe.

Tulikuwa na uwanja wa tano kwenye ratiba. Klabu hiyo siitaji. Tulikuwa na barua, tulikuwa na jina la aliyetuandikia, tulifika Jumamosi tukakuta mahema, vipaza sauti na kampuni fulani inafanya mashindano ya wateja wake. Hakuna aliyejua habari zetu. Tulinywa chai, tukarudi. Kosa langu ni Jumamosi: klabu nyingi za Nairobi siku hiyo huchukuliwa na kampuni, na mgeni anakuwa mzigo. Kundi la wageni lipange Jumatatu hadi Ijumaa, na liulize siku ya kina mama ya klabu ni ipi, maana siku hiyo nayo imejaa. Mchana ule tukaomba Royal Nairobi wakatupa mashimo tisa ya jioni. Ni klabu ya 1906, ikapewa hilo jina la Royal mwaka 1935, na ina miti mikongwe ya kumfanya mtu ashushe sauti. Mashimo tisa hayatoshi kuuhukumu uwanja. Niliupenda.

Ya mfukoni: mwanachama wa klabu ya Kenya hulipa nafuu kuliko mgeni wa kuja tu, kwa hivyo chukua barua ya klabu yako na cheti cha handikapu, na vitumwe kabla hujasafiri. M-Pesa ilinifaa kuliko noti. Shati liwe na kola, jinzi ziache nyumbani. Kedi mlipe kiwango cha klabu, kisha ongeza chako mkononi mwake mwenyewe. Wetu wa Karen alinitafutia mipira mitatu ambayo mimi nilikuwa nimeshaisomea hitima.

Mwakani kundi limekua, tuko kumi na sita. Nimeshaandika Karen siku mbili, Limuru siku mbili, Windsor siku ya mwisho, Januari. Daktari wa meno amepeleka malalamiko yake kwa kaptaini kwamba Muthaiga haimo. Nimemwambia aende Jumatano peke yake kwa teksi, na apitie Ruaka.